"CPU Fan Error" kila asubuhi, na feni naiona inazunguka. Tatizo liko wapi?

#1 Kitasa
Wakuu, salaam.

Nina kompyuta ya mezani ambayo siku zote ilikuwa haina neno. Hivi karibuni niliifungua nikaitoa vumbi, nikabadilisha grisi ya prosesa, nikafunga. Tangu hapo kila nikiiwasha asubuhi skrini inabaki nyeusi na maandishi haya: "CPU Fan Error! Press F1 to Run SETUP". Kava liko wazi, feni ya prosesa naiona kwa macho inazunguka. Nabonyeza F1, naingia BIOS (programu ya setingi inayotangulia Windows), natoka bila kugusa kitu, Windows inapanda na kazi inaenda siku nzima. Joto la prosesa ikiwa imetulia ni nyuzi 38 hadi 41.

Kinachonichanganya ni kwamba nikiiwasha upya mchana, onyo halitokei. Linatokea tu ikiwa imelala imezimwa.

Na hili linaniumiza kwa sababu kompyuta hii naitumia nikiwa mbali. Umeme ukikatika ukarudi, inatakiwa ijiwashe yenyewe. Sasa inajiwasha, inafika kwenye onyo, inakaa kumsubiri mtu wa kubonyeza F1, na mtu hayupo. Sitaki kulificha onyo kama kuna ubovu wa kweli. Nisaidieni.

#2 nyundo77
Kazi ya dakika moja hiyo mkuu. Ingia BIOS, nenda Monitor, tafuta CPU Fan Speed Low Limit, weka Ignore. F10, hifadhi. Kwisha habari.

#3 Zumari
@nyundo77 unazima king'ora kabla hujanusa kama kuna moshi? Jamaa kasema wazi hataki kuficha.

@Kitasa, umechomeka waya wa feni kwenye soketi ipi? Mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) nyingi zina soketi kadhaa zinazofanana: CPU_FAN, CPU_OPT, CHA_FAN. Zote zinazungusha feni, lakini inayochungwa wakati wa kuwasha mara nyingi ni CPU_FAN peke yake. Ukifungua kusafisha vumbi ni rahisi kurudishia jirani. Feni itazunguka raha mustarehe na onyo litakuja vilevile.

#4 Kitasa
Nimeangalia kwa tochi. Ipo CPU_FAN, pini 4, imeingia hadi mwisho.

#5 Bi Kurwa
Badilisha betri ya mazabodi, ile ya duara CR2032. Maonyo yote ya uongo wakati wa kuwasha yanatokana na betri. Yangu ilikuwa hivyohivyo, nikabadilisha, kimya hadi leo.

#6 Mkono Mwepesi
Tuelewane kwanza mazabodi inajuaje kama feni inazunguka, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Plagi ya pini 4: ya kwanza ni hasi, ya pili ni volti 12, ya tatu inarudisha habari ya mzunguko, ya nne inapokea amri ya kasi. Kwenye ile ya tatu feni inatoa mapigo mawili kwa kila mzunguko mmoja. Feni ikienda mizunguko 600 kwa dakika ni mizunguko 10 kwa sekunde, kwa hiyo mazabodi inahesabu mapigo 20 kwa sekunde. Hiyo ndiyo habari yote iliyonayo. Ukiikata pini ya tatu, feni itaendelea kuzunguka na kupoza kama kawaida, na BIOS itaapa kwamba hakuna feni.

Kwa hiyo onyo lile halisemi "feni imesimama". Linasema "sikuhesabu mapigo ya kutosha pale nilipochungulia". Yanaweza kukosekana kwa sababu feni imesimama kweli, au inaenda pole kuliko kikomo kilichowekwa, au inaenda vizuri ila pini ya tatu haigusi sawasawa, au ilikuwa bado inaanza kushika kasi BIOS ilipoangalia. Kwenye menyu hiyo kikomo kawaida huanzia 200 hadi 600. Feni za kimya zinaweza kwenda chini ya 600 zikiwa salama kabisa.

@Kitasa tuambie kikomo chako kimewekwa ngapi. Na ukishabonyeza F1, namba gani inaonekana kwenye ukurasa wa Monitor sekunde ya kwanza? Namba ya chini ni habari moja, N/A (hakuna namba iliyosomwa) ni habari nyingine kabisa.

#7 Zumari
@Bi Kurwa dada yangu, betri ikichoka ujumbe wake ni mwingine. Unaona "CMOS Checksum Bad" au "CMOS Date/Time Not Set", na saa inarudi nyuma miaka. Betri haihesabu mizunguko ya feni.

#8 Bi Kurwa
@Zumari saa yangu ilikuwa inarudi nyuma, ni kweli. Lakini onyo la feni nalo lilikuwepo, na yote mawili yaliondoka siku moja. Nieleze hapo.

#9 Chuma Chakavu
Naweza kueleza mimi. Betri ikifa, BIOS inapoteza setingi zote kila unapochomoa umeme na kurudi kwenye zile za kiwandani. Kama hapo nyuma fundi alikuwekea kikomo 200 au Ignore, betri ikifa kinarudi cha kiwandani na feni yako ya kimya inaonekana mkosaji. Kwa hiyo Bi Kurwa hajakosea, ila betri haikuwa na kosa na feni moja kwa moja.

@Kitasa wewe umesema unazima usiku. Unazima kwa kitufe tu au unakata umeme kabisa ukutani? Ikiwa umeme wa akiba upo, hata betri iliyokufa haionekani.

#10 Kitasa
Nakata ukutani. Lakini saa iko sawa na setingi nyingine hazijabadilika. Nimeipima betri: volti 3.02.

#11 Chuma Chakavu
3.02 ni nzima kabisa. Tuache betri.

Dhana yangu ni mafuta ya feni. Feni nyingi za kawaida zina bushi yenye mafuta ndani. Zikizeeka mafuta yanakuwa mazito, na zikilala kwenye baridi zinaanza kwa uzito, zinachukua sekunde kadhaa kushika kasi. BIOS haina subira hiyo. Mchana ukiwasha upya, feni ina joto na haijasimama kabisa, ndiyo maana onyo halitokei. Maelezo yako ya #1 yanalingana na hili neno kwa neno.

Jaribu hivi: kabla hujawasha asubuhi, izungushe kwa kidole. Inatakiwa iendelee kidogo yenyewe ukiiachia. Ikisimama papo hapo, umeshapata jibu.

#12 Mdudu Msomi
Mimi napingana. Mbona ianze siku ileile ya kusafisha? Mafuta hayazeeki kwa siku moja. Kitasa, ulisafisha kwa nini? Brashi, mdomo, au ile mashine ya kupuliza?

#13 Kitasa
Ya kupuliza. Na feni ilizunguka sana nikipuliza, sikuishika.

#14 Mdudu Msomi
Basi mimi ningeanzia hapo. Ukiipuliza feni bila kuishika inaenda kasi ambayo haikutengenezewa. Bushi inaumia, na mota ikizungushwa na upepo inakuwa jenereta, inarudisha umeme kwenye mazabodi. Inawezekana sakiti ya kuhesabu imepata jeraha.

#15 Mkono Mwepesi
@Mdudu Msomi la bushi kuumia nakubaliana nawe, shika feni kwa kidole kila mara unapopuliza. Hilo la umeme kurudi limesemwa sana, ila feni ndogo hizi zina sakiti yake ndani kati ya koili na plagi, na mimi sijaona mazabodi iliyokufa kwa njia hiyo. Na kama sakiti ya kuhesabu ingekuwa imekufa, hata mchana isingehesabu.

#16 Mdudu Msomi
Sikusema imekufa. Nimesema jeraha.

#17 Tausi wa Kijivu
Samahani kwa kuingilia, yangu ni ndugu ya hii. Nilihamishia mazabodi kwenye kasha jingine, nikawasha, ikaniandikia "Chassis Intruded! Fatal Error... System Halted" na kusimama hapo. Fatal kabisa! Nikajua nimeua mashine. Nilifunga kava skrubu zote, ikabaki vilevile.

Kumbe kuna pini ndogo kwenye mazabodi zimeandikwa CHASSIS, zinasubiri swichi ya kujua kava limefunguliwa. Kasha lisilo na swichi linatakiwa liwekewe jampa, kale kakofia kadogo ka plastiki kenye bati ndani, kaunganishe pini mbili. Kangu kalidondoka wakati wa kuhamisha, nikakakuta chini ya pawa saplai. Hata nilipokarudisha onyo halikuondoka hadi nilipofuta kumbukumbu ya BIOS.

#18 Mkono Mwepesi
@Tausi wa Kijivu hapo mwisho pana maana. Alama ya "kava limefunguliwa" inatunzwa kwa umeme wa ile betri ya CR2032, makusudi, ili mtu asichomoe waya wa ukutani, akafungua, akafunga na kuondoka bila kujulikana. Ndiyo maana kurudisha jampa peke yake hakutoshi, sharti uifute ile alama.

#19 nyundo77
Wakuu, ndiyo maana nasema maonyo haya ni kero tupu. Feni, kava, kibodi... Mimi kwangu nimezima yote. Hata kompyuta ikinipa namba 301 naipita, hiyo ni kibodi tu.

#20 Zumari
@nyundo77 simama hapo hapo! 301 ilikuwa kibodi kwenye IBM PC ya mwaka 1981. Kwenye kompyuta za mezani za HP, 301 ni diski inayotabiriwa kufa. Namba moja, maana mbili zisizohusiana. Kwenye orodha hiyohiyo ya HP, 511 ni feni ya prosesa na 512 ni feni ya kasha. Msomaji mgeni akichukua neno lako atapoteza mafaili yake.

#21 Mama Darubini
Nakazia alichosema Zumari, na kwa herufi kubwa. Onyo la feni unaweza kulijadili wiki nzima huku ukiangalia joto. Ukiona "S.M.A.R.T. Status Bad, Backup and Replace" usijadili na mtu. Nakili mafaili kwanza, halafu njoo uulize.

Ukishanakili, fungua programu ya kusoma SMART (kumbukumbu ya afya ya diski) uangalie mstari wa 5, wa 197 na wa 198. Hiyo ni sekta zilizohamishwa, zinazosubiri, na zilizoshindikana. Zikipanda, diski inaondoka. Ukikuta hizo ni sifuri na ulioongezeka ni 199 peke yake, hapo ndipo unaweza kushuku kebo ya SATA, kwa sababu 199 inahesabu makosa ya njiani kati ya diski na mazabodi. Badilisha kebo, uangalie kama inaendelea kupanda. Namba ya 199 haishuki, inatakiwa isimame tu.

#22 nyundo77
Nimekuelewa mama. Hiyo ya diski siigusi. Kuhusu feni msimamo wangu ni uleule.

#23 Kitasa
Nimerudi na majibu.

Kikomo kilikuwa 600. Leo asubuhi nimeizungusha kwa kidole kabla ya kuwasha: inaendelea kidogo, inasimama. Sijui "kidogo" yenu ni kiasi gani. Nikawasha, onyo likaja, nikabonyeza F1 haraka. Kwenye Monitor, CPU Fan Speed iliandikwa N/A kwa rangi nyekundu. Ikakaa hivyo kama sekunde mbili, ikaruka 540 nyekundu, ikarudi N/A, kisha 780 nyeupe, ikapanda hadi 910 na kutulia hapo.

#24 Chuma Chakavu
540, 780, 910. Inapanda taratibu. Mafuta hayo.

#25 Mkono Mwepesi
N/A, 540, kisha N/A tena. Feni inayoongeza kasi taratibu hairudi sifuri katikati. Hapo mapigo yalipotea njiani. Pini.

@Kitasa chomoa plagi, angalia ndani ya vile vitundu vinne. Kama cha tatu kimetanuka au kina ute wa vumbi, kisukume kidogo kwa pini nyembamba. Kisha ichomeke na kuichomoa mara kadhaa ili bati zisuguane. Mashine ikiwa imezimwa na waya wa ukutani umetolewa, tafadhali.

#26 Sungura wa Saa Nane
Mbona hakuna aliyetaja namna feni inavyoendeshwa? Kuna kuendesha kwa PWM (amri ya kasi kupitia pini ya nne) na kuna kuendesha kwa kushusha volti, kwenye menyu huandikwa DC. Feni ya pini 4 inatakiwa ipewe volti 12 kamili muda wote, kasi inaamriwa na pini ya nne. BIOS ikiwa imewekwa DC, au Auto ikakisia vibaya, feni inapewa volti chache wakati wa kuanza. Inajikongoja. Na volti ikishuka, hata ile sakiti ya ndani inayotoa mapigo inapata umeme mdogo. Hiyo inaeleza namba za pole za Chuma Chakavu NA ile N/A ya Mkono Mwepesi kwa pamoja.

Weka PWM kwa mkono, uondoe Auto. Au kwa majaribio weka Full Speed usiku, uone asubuhi itasemaje.

#27 Chuma Chakavu
Full Speed haitatuamua mkuu. Feni yenye mafuta mazito nayo ukiipa nguvu zote itaanza haraka. Onyo likiondoka, kila mmoja wetu atasema kashinda.

#28 Sungura wa Saa Nane
Sawa, ila jamaa atakuwa kashapona.

#29 Pwaguzi
Nipo na swali la pembeni. Mimi natumia kupoza kwa maji. Pampu nimeichomeka AIO_PUMP kama kitabu kilivyoelekeza, feni za redieta zimeenda kwenye kigawanyio chake. CPU_FAN iko tupu. Onyo ni hilohilo la Kitasa.

#30 Zumari
@Pwaguzi yako ni rahisi. Soketi iko tupu na BIOS inaichunga. Chukua feni moja ya redieta uichomeke CPU_FAN, au peleka hapo waya mkuu wa kigawanyio. Vigawanyio vingi vinarudisha mapigo ya tundu moja tu, lililoandikwa 1 au lenye alama, kwa hiyo hakikisha kuna feni kwenye tundu hilo.

Ukiona usumbufu, weka Ignore, lakini ujue hapo hakuna tena anayekuangalizia. Pampu inaweza kufa na feni za redieta zikaendelea kuzunguka vizuri.

#31 nyundo77
Prosesa za sasa zinajilinda. Zikifika nyuzi 95 au 100 zinapunguza kasi zenyewe, zikizidi zinazima mashine. Haziungui kama za zamani.

#32 Mama Darubini
Ni kweli haziungui. Ila mashine ya Kitasa iko mbali naye. Ikipunguza kasi usiku kucha atadhani ni intaneti.

#33 Fundi wa Zamu
Nimesoma uzi wote. Mmejadili sana sababu, na jamaa tangu #1 ana shida mbili. Ya kwanza ni sababu ya onyo. Ya pili ni mashine kusimama ikisubiri F1 na yeye hayupo. Hizi zinatenganishwa.

Kitasa, kwenye menyu ya Boot tafuta "Wait For 'F1' If Error", weka Disabled. Tofauti yake na Ignore ni kubwa. Ignore inaiambia BIOS isihesabu feni. Hii nyingine inaiacha ihesabu na ilalamike, ila isisimamishe safari. Onyo litapita kwenye skrini, mashine itaendelea. Kwenye BIOS za zamani iliitwa Halt On, na watu waliokuwa na mashine zisizo na kibodi waliweka All, But Keyboard.

Pia hakikisha ile ya kurudisha umeme, Restore AC Power Loss au jina linalokaribiana, iko Power On.

Na uzime picha kubwa ya nembo wakati wa kuwasha, kwa sababu inaweza kulifunika onyo usilione.

#34 Kitasa
@Fundi wa Zamu asante sana. Hilo la kutenganisha sikulifikiria. Ninaifanya leo.

#35 Pwaguzi
@Zumari imekubali. Tundu la 1 lilikuwa tupu.

#36 Tausi wa Kijivu
Fundi wa Zamu, kabla hujaondoka: kompyuta ya jirani yangu inaandika kwamba kifaa cha USB kimevuta umeme kupita kiasi, eti itazima baada ya sekunde 15, na kweli inazima. Tumechomoa kila kitu cha USB, hata kibodi. Bado. Hakuna USB hata moja!

#37 Fundi wa Zamu
Chukua tochi, angalia ndani ya kila tundu la USB, hasa ya mbele. Humo ndani kuna ulimi wa plastiki wenye bati nne. Mtu akichomeka kwa nguvu upande usio wake, bati moja inakunjwa na kugusa ganda la chuma. Mazabodi inaona umeme unavuja na kuzima ili ijilinde. Ujumbe huo ni wa kweli, ila si kifaa, ni tundu.

Kama hujaona kitu, chomoa kebo za USB za mbele pale zinapoingia kwenye mazabodi, uwashe. Ikiacha kuzima, shida iko kwenye kasha. Ikiendelea, ni matundu ya nyuma au mazabodi yenyewe.

#38 Tausi wa Kijivu
Tundu la mbele la kulia, bati moja imekunjwa kabisa imelala pembeni. Nimeiona. Asante.

#39 Bi Kurwa
Na ule ujumbe wa "Power supply surges detected during the previous power on"? Huo nao ni wa uongo?

#40 nyundo77
Monitor, Anti Surge Support, Disabled.

#41 Mama Darubini
@nyundo77 wewe na Disabled!

@Bi Kurwa hapo watu hawakubaliani. Wapo wanaosema kinga hiyo ina wasiwasi kupita kiasi, inashtuka hata umeme ukitikisika kidogo, na wamezima miaka bila madhara. Mimi nasema pima kwanza. Ukurasa wa Monitor una volti. Ya 12 inatakiwa iwe kati ya 11.40 na 12.60, ya 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Namba za BIOS si za kuapia, mita ni bora. Zikiwa ndani na ujumbe umetokea siku umeme wa nyumba ulikorofisha, iache. Ukitokea kila unapofungua kazi nzito, pawa saplai inachoka.

#42 Mdudu Msomi
Sensa nazo zinadanganya jamani. Programu yangu ilikuwa inaonyesha sehemu moja ya mazabodi ina nyuzi 127, mchana na usiku, wala haipandi wala haishuki. Hiyo 127 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti nane zenye alama ya hasi na chanya. Maana yake hakuna sensa iliyounganishwa hapo, chipu inasoma hewa. Joto la kweli linatikisika. Namba isiyotikisika hata digrii moja, itilie shaka.

#43 Sungura wa Saa Nane
Kitasa umetuacha wapi?

#44 Kitasa
Nipo. Nimefanya mambo mengi, nisomeni vizuri.

Wait For F1 nimeweka Disabled. Umeme ulikatika jana nikiwa kazini, ukarudi, mashine ikapanda yenyewe hadi mwisho, nikaingia. Hilo limekwisha.

Feni nimeiweka PWM badala ya Auto. Onyo likapungua lakini halikuisha.

Halafu nikabadilishana feni. Ya kompyuta nyingine ya hapa nimeifunga kwenye hii: asubuhi haikulalamika. Yangu nimeipeleka kule: nako haikulalamika.

#45 Chuma Chakavu
Feni nyingine, onyo hakuna. Feni yako ndiyo mbovu. Sijui tunabishana nini tena.

#46 Mkono Mwepesi
@Chuma Chakavu kama feni ni mbovu, kule alikoipeleka mbona imenyamaza? Na kubadilishana maana yake plagi zimechomolewa na kuchomekwa, pini zimesuguliwa. Ni dawa ileile niliyosema #25.

@Kitasa hiyo mashine ya pili kikomo chake ni ngapi?

#47 Kitasa
Nimeitafuta, haina menyu hiyo kabisa. Inaonyesha kasi tu.

#48 Mkono Mwepesi
Basi kunyamaza kwake si ushahidi. Inawezekana inaona N/A kila asubuhi na haisemi.

#49 Mdudu Msomi
Na jeraha la mazabodi nalo halijakanushwa. Feni yenye mapigo yenye nguvu zaidi inaweza kusomeka hata na sakiti iliyojeruhiwa.

#50 Chuma Chakavu
Mkuu, jeraha lako haliponi wala haliui.

#51 Kitasa
Nimerudisha feni yangu kwenye mashine yangu, kikomo nimeshusha hadi 200, sijaweka Ignore. Juzi onyo halikutokea. Jana halikutokea. Leo limepita kwenye skrini na kuondoka. Asubuhi ya leo ilikuwa na baridi kuliko hizo mbili.

#52 Chuma Chakavu
Baridi. Mmesikia?

#53 Sungura wa Saa Nane
Hata bati za pini hujikunja kwenye baridi.

#54 Fundi wa Zamu
Kitasa, kesho washa ikiwa imelala vilevile, gonga Delete uingie BIOS kabla ya Windows, na urekodi ukurasa wa Monitor kwa simu tangu sekunde ya kwanza, feni ionekane pembeni kwenye picha hiyohiyo. Tunataka kuona kama feni inazunguka kwa kasi wakati namba inasema N/A. Macho yako yanaona feni, BIOS inaona mapigo. Hatujawahi kuviona vyote viwili kwa wakati mmoja.

#55 Kitasa
Sawa mkuu. Nitaiweka hapa.